Maswali ya Wasomaji: Nahodha wa Petard na Watu Waliokuwa Majini

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa sentensi moja na bila maelezo, kwamba meli ya askari iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani mwaka 1944 ilipokuwa ikitoka Kilindini. Sentensi hiyo imeleta barua nne nzito, na nimeona si haki kuzigawa katika matoleo mbalimbali wala kuzichanganya na maswali ya mambo mengine. Zote zinajibiwa hapa. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa ndiyo inayouliza jambo ambalo familia nyingi zimelibeba kimya.

Mheshimiwa Mhariri, shikamoo. Babu yangu alikuwa askari wa mizinga. Alipanda meli Kilindini mwanzoni mwa mwaka 1944 na hakurudi. Bibi aliambiwa kwamba mumewe amepotea baharini, basi. Jirani yetu mmoja, mzee aliyepigana Bama na ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akisema kwamba askari wale hawakuuawa na Wajapani peke yao, bali manowari ya Waingereza wenyewe iliwatupia mabomu walipokuwa wakiogelea. Mama yangu alikatazwa kuyarudia maneno hayo. Naomba kujua kama ni kweli, na kama ni kweli, nahodha yule alifanya hivyo kwa sababu waliokuwa majini walikuwa Waafrika? Tena, jina la babu nitalipata wapi? (Mjukuu, Machakos)

Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Natanguliza neno hilo kwa sababu nyumba yenu imekaa nalo miaka mingi kama jambo la kunong'onezwa, na mzee jirani yenu hakuwa mzushi. Manowari ya Kiingereza iitwayo Petard ilidondosha mabomu ya kupigia nyambizi mahali ambapo watu wa Khedive Ismail walikuwa wakielea, na baadhi ya waliosalimika meli ilipozama waliuawa na mabomu hayo. Ilikuwaje hata ikafika hapo, ndilo ninalotaka kulieleza polepole, kwa kuwa huwezi kumhukumu mtu wa siku ile kabla hujajua alikuwa wapi, alikuwa akiona nini na alikuwa akisikia nini.

Khedive Ismail ilikuwa meli ya abiria ya tani 7,513, iliyoundwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, kisha ikauzwa kwa kampuni ya Misri iliyoipa jina hilo, na vita vilipopamba moto ikachukuliwa na serikali ya Uingereza kubebea askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, katika msafara ulioandikwa KR 8, pamoja na meli nyingine nne za askari: City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Ndani ya Khedive Ismail peke yake walikuwamo watu 1,511. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, maofisa na askari 996, na humo ndimo alimokuwa babu yako. Walikuwamo pia wanamaji wa Kiingereza, wauguzi wa kijeshi na wanawake wengine wa utumishi wa vita; wanawake hao wote kwa jumla walizidi 80. Askari wa mizinga walikuwa wakipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa imetangulia kujiandaa kwa vita vya Burma, yaani hiyo Bama ya wazee wetu.

Jumamosi ya tarehe 12 Februari, baada ya chakula cha mchana, msafara ulikuwa ukipita katika mlango wa bahari ulio kati ya visiwa vya Maldivi, ambao mabaharia huuita kwa kipimo chake cha ramani, Nyuzi Moja na Nusu. Watu wengi walikuwa ndani ya meli, chini ya sitaha, wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, iliyoongozwa na Toshiaki Fukumura, ilikuwa ikivizia mlangoni humo, na topido zake mbili zikaipiga Khedive Ismail. Meli ilizama kwa dakika zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na waliosalimika wengi husema hazikufika hata tatu. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua kwa utaratibu, na aliyekuwa chini alihitaji bahati ili kuiona ngazi. Kati ya watu 1,511 waliookolewa ni 214: wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297.

Sasa simama mahali aliposimama Luteni Kamanda Rupert Egan, nahodha wa Petard. Mbele yake juu ya maji kuna vichwa vya watu, mbao na maboya, na pale ilipokuwapo meli hapana kitu. Nyambizi hakuna anayeiona. Anachojua ni kwamba iko karibu, maana imepiga sasa hivi, na kwamba haiwezekani kuwa imekwisha topido zote. Meli nne zilizobaki, kila moja imejaa askari, zinakimbia kwa kasi yote ziliyo nayo, na hiyo kasi si kubwa. Manowari kubwa iliyokuwa ikiongoza ulinzi, Hawkins, iliundwa kwa mawazo ya Vita vya Kwanza, na mizinga yake ilikuwa ya kupigana na meli za juu ya maji. Kazi ya kuwinda nyambizi iliwaangukia wawili tu: Petard na mwenzake Paladin, manowari mbili nyembamba za mwendo wa kasi.

Mabaharia wa vita walikuwa na funzo moja walilolijua kama sala. Tarehe 22 Septemba 1914 manowari ya Kiingereza Aboukir ilipigwa na nyambizi ya Kijerumani U-9 katika Bahari ya Kaskazini. Wenzake wawili, Hogue na Cressy, wakasimama kuokoa watu, na nyambizi ileile ikawapiga mmoja baada ya mwingine. Katika muda wa saa moja na nusu hivi wakafa watu zaidi ya 1,400, wengi wao kwa sababu manahodha wawili walikuwa na huruma na walisimama. Tangu siku hiyo kanuni ikawa ngumu: nyambizi kwanza, waliomo majini baadaye. Kanuni hiyo haikubuniwa kwa ajili ya Waafrika. Ilitumika katika Atlantiki dhidi ya mabaharia wa Kiingereza wenyewe, na siku ile ya Maldivi waliokuwa wakielea karibu na babu yako walikuwa pia wanamaji wa Kiingereza na wauguzi wao. Ninalisema hili wazi kwa kuwa umeuliza wazi.

Hata hivyo kanuni haikufuatwa kwa ukamilifu, na hapo ndipo ninapoona utu wa watu wale. Kazi iligawanywa. Paladin ilisogea kwa watu na kushusha mashua kuwaokoa, jambo lililoiweka yenyewe hatarini, na Petard ikaenda kuwinda. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya watu wenyewe, kama mwizi anavyojitia katikati ya umati wa sokoni. Petard ikapita mara ya kwanza ikidondosha mabomu yake, ikageuka ikapita mara ya pili, ikageuka tena. Mabaharia waliokuwa tezini wakiyasukuma mabomu yale, yenye umbo la pipa, hawakuwa mbali na watu kama rubani wa ndege alivyo mbali, na walichokuwa wakikifanya walikiona.

Katika mpito wa tatu I-27 ilishindwa kukaa chini, ikaibuka. Hapo pambano likawa la kikatili kwa namna nyingine. Manowari zote mbili zilifyatua mizinga, lakini makombora yalipasuka juu ya ganda la nyambizi bila kulitoboa. Paladin ikajielekeza kuigonga kwa omo lake. Ikaambiwa iache, ikageuka, lakini ilikuwa karibu mno, na bawa la chini la nyambizi likaupasua ubavu wake na kuingiza maji. Petard ikabaki peke yake. Ikafyatua topido zake moja moja, na sita za kwanza zikakosa. Ya saba ndiyo iliyoivunja I-27, saa mbili na nusu hivi tangu pambano kuanza, na nyambizi ikazama na mabaharia wake karibu mia moja. Kisha Petard ikarudi, ikaikokota Paladin iliyojeruhiwa, na waliookolewa wakapelekwa Addu, kisiwa cha kusini cha Maldivi ambako Waingereza walikuwa na kituo cha siri.

Umeniuliza kwa nini nahodha yule alifanya hivyo. Kwa maoni yangu alikuwa mtu aliyewekwa mahali ambapo kila njia ilikuwa na maiti. Kama angesubiri watu waokolewe kwanza, I-27 ingeweza kuipiga Paladin ikiwa imesimama na mashua zake zimo majini, kisha ikazifuata zile meli nne. Siwezi kumlaumu kwa uamuzi wake. Lawama yangu naipeleka juu zaidi, kwa waliopanga safari: waliopakia rejimenti nzima ya mizinga katika meli moja ya zamani, wakaipitisha katika mlango wa bahari ambao nyambizi yeyote mwenye akili angeuvizia, na kuupa msafara wenye maelfu ya watu manowari mbili tu za kuwindia nyambizi. Najua wakati ule meli za ulinzi zilikuwa haba Bahari ya Hindi kwa sababu Atlantiki na Mediterania zilizimeza. Uhaba huo ulikuwa wa kweli, lakini ni watu ndio walioamua nani akae na uhaba.

Na kosa lililobaki ni lile la kumwambia bibi yako "amepotea baharini" na kunyamaza. Alistahili kuambiwa mahali, tarehe na namna. Leo nakuandikia wewe kile ambacho angepaswa kuandikiwa yeye. Kuhusu jina, nitakujibu mwishoni mwa safu hii.

Ndugu Mhariri, mimi ni mvuvi wa Tanga. Baruti ya samaki naijua kwa kuiona, na madhara yake nayajua. Nataka kufahamu mambo mawili. Manowari ilijuaje nyambizi iko wapi chini ya maji, na kwa nini hawakutumia bomu dogo la kuipata nyambizi bila kuwadhuru watu? (Mvuvi, Tanga)

Ndugu yangu, wewe utanielewa upesi kuliko msomaji wa bara. Manowari haikuona kitu; ilisikiliza. Chini ya kiuno cha meli kulikuwa na chombo ambacho Waingereza walikiita Asdiki na siku hizi huitwa sonari. Kilituma sauti fupi majini, kama mtu anayegonga ukuta kusikia palipo na shimo, na sauti ikikutana na kitu kigumu ilirudi mwangwi. Katika chumba kidogo alikaa baharia mmoja amevaa visikilizio, akizungusha gurudumu nyuzi chache kushoto, nyuzi chache kulia, akihesabu muda kati ya sauti inayotoka na mwangwi unaorudi, maana muda huo ndio umbali. Kama mwangwi ulirudi kwa sauti nyembamba zaidi, kitu kile kilikuwa kikija. Kama ulirudi mzito zaidi, kilikuwa kikienda zake. Huyo ndiye aliyekuwa jicho la nahodha, na mara nyingi alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi.

Jicho hilo lilikuwa na upofu wake. Meli ikienda kasi sana, kelele za maji yanayopita ubavuni zilifunika mwangwi. Katika bahari zetu za joto unajua mwenyewe kwamba ukizamisha mkono juu maji ni vuguvugu na ukipiga mbizi unakuta baridi. Pale joto linapobadilika sauti hupinda, na nyambizi iliyokaa chini ya mpaka huo huweza kupotea masikioni. Lililo baya kuliko yote ni kwamba manowari ilipokaribia kabisa kupita juu ya nyambizi, mwangwi ulipotea. Katika dakika ile ya mwisho nahodha alikuwa akitupa mabomu kwa kukisia, na nyambizi, ambayo nayo ilisikia mapanga ya manowari yakija, ilikuwa na nafasi ya kugeuka.

Kuna nahodha mmoja wa Atlantiki aliyepata dawa ya upofu huo, naye ni Frederic John Walker wa manowari Starling. Alitumia meli mbili: moja ilikaa nyuma kwa mbali, ikishikilia mwangwi bila kuupoteza, na nyingine ilienda taratibu sana, bila kupiga sauti yake yenyewe, ikielekezwa na ile ya kwanza mpaka ifike juu ya nyambizi isiyojua kuna kitu kichwani pake. Katika safari moja, kati ya mwisho wa Januari na mwezi uleule wa Februari 1944, kundi lake lilimaliza nyambizi sita. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Walker alifariki kwa ugonjwa wa ghafla wa ubongo, na wenzake walisema ni kazi ndiyo iliyomuua. Lakini mbinu hiyo ilihitaji utulivu na meli mbili zisizokuwa na kazi nyingine, na kule Maldivi meli ya pili ilikuwa ikiokoa watu.

Sasa kuhusu bomu. Lile la kawaida lilikuwa na umbo la pipa, lenye baruti kilo 130 hivi ndani yake. Baharia alilitegea kina kwa ufunguo maalumu: maji yaliingia ndani polepole pipa linaposhuka, na mgandamizo wake ukifika kwenye kina kilichotegwa ulisukuma kichwa cha chuma dhidi ya springi mpaka fataki ikalia. Halikuhitaji kuigusa nyambizi. Lilifanya kazi kwa mgandamizo, kama baruti ya samaki, na ndiyo maana lilikuwa kubwa: ganda la nyambizi ni la chuma kinene, na pipa lililopasuka mbali kidogo lilivunja taa tu. Kwa mtu aliyemo majini hesabu ni tofauti. Maji hayabonyei, kwa hiyo pigo hupita mwilini bila kizuizi mpaka likute mahali penye hewa, yaani mapafu na matumbo, na hapo hupasua. Umewaona samaki wanaoelea baada ya baruti, hawana jeraha nje, ukiwapasua ndani wameharibika. Samahani kwa mfano huu, lakini wewe ndiye uliyeutaja kwanza na hakuna mwingine ulio sahihi zaidi. Mtu aliyekuwa amelala chali juu ya ubao, kifua na tumbo vikiwa nje ya maji, alikuwa na nafuu kuliko aliyekuwa amesimama wima akikanyaga maji.

Bomu dogo unaloliuliza lilikuwapo. Waingereza walikuwa wamebuni mtambo waliouita kwa jina la mnyama kalunguyeye, kwa sababu mabomu yake 24 yalisimama kama miba. Uliyarusha mbele ya meli, wakati mwangwi bado unasikika, na kila bomu lilipasuka likigusa kitu tu. Likikosa lilizama kimya. Kwa watu waliokuwa wakielea silaha hiyo ingekuwa na madhara machache zaidi. Petard siku ile ilipigana kwa mapipa.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwanafunzi wa sekondari Mombasa. Wajapani walifuata nini huku kwetu, na Mombasa ilikuwa na kazi gani zaidi ya kuwa bandari? (Mwanafunzi, Mombasa)

Walifuata njia ya meli. Silaha na mafuta ya jeshi la Uingereza lililokuwa Misri yalizunguka Afrika Kusini na kupanda na pwani yetu kupitia Mlango wa Msumbiji, kwa kuwa Mediterania ilikuwa ya moto. Mwezi Mei 1942 nyambizi za Kijapani zilipenyeza vijinyambizi hadi bandari ya Diego Suarez huko Madagaska na kuipiga manowari kubwa Ramillies. Juni na Julai zilizamisha meli za mizigo zaidi ya 20 katika mlango huo. Mabaharia waliookoka walifika pwani yote ya kusini kwa mashua.

Kuhusu Mombasa, jibu liko karibu na wewe kuliko unavyodhani. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon mwezi Aprili 1942, Kundi la Meli za Mashariki la Uingereza, chini ya Admirali James Somerville, lilihamishia makao yake Kilindini. Pamoja nalo walikuja wasikilizaji wa redio na wavunjaji wa maandishi ya siri, nao wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram, lile linalotazama bahari. Katika madarasa hayo walikaa wanaume na wanawake wakinakili ishara za Wajapani zilizovuka Bahari ya Hindi usiku, na mwezi Novemba 1942 walivunja msimbo uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Ukipita pale, jua kwamba uwindaji wa nyambizi ulianzia pia kwenye dawati, si kwenye sitaha peke yake.

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu Unguja. Je, Petard hii ndiyo ileile iliyopata vitabu vya siri vya Wajerumani? (Mwalimu, Unguja)

Ndiyo, Mwalimu, ndiyo hiyo, ingawa wakati ule nahodha alikuwa mwingine, Luteni Kamanda Mark Thornton. Tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki ya Mediterania, Petard na wenzake waliwinda nyambizi U-559 kwa saa nyingi mpaka Wajerumani wakaibuka na kuikimbia. Usiku, nyambizi ikiwa inajaa maji, Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliingia ndani, na kijana wa duka la meli, Tommy Brown, aliyekuwa na miaka 16 na aliyedanganya umri ili aajiriwe, akawa anapokea vitabu ngazini na kuvipitisha juu. Nyambizi ikazama ghafla na Fasson na Grazier ndani yake. Brown aliokoka. Vitabu hivyo viliwawezesha wataalamu wa Uingereza, mwezi Desemba mwaka huo, kuanza tena kusoma ishara za nyambizi za Kijerumani za Atlantiki, ambazo zilikuwa zimewafunga macho tangu Februari.

Desemba hiyohiyo Petard ilishiriki kuimaliza nyambizi ya Kiitaliano Uarsciek, na I-27 ikaja kuwa ya tatu. Hakuna manowari nyingine iliyozamisha nyambizi za mataifa yote matatu: Ujerumani, Italia na Japani. Vitabu vingi vya Ulaya humsifu Fasson na Grazier, na wanastahili, lakini vikifika kwenye I-27 huhesabu nyambizi na kupita. Mimi ningependa kila anayeisifu Petard kwa vitabu vile aitaje pia rejimenti ya 301.

Jina la babu

Narudi kwako, mwanangu wa Machakos. Usilitafute kwenye sanamu za askari zilizo Kenyatta Avenue, kama ndugu wengi wanavyofanya. Zile ziliwekwa kwa ajili ya Vita vya Kwanza na hazina majina ya askari. Nenda kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Ndani yake umo Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, uliowekwa kwa ajili ya waliokufa bila kuwa na kaburi linalojulikana, na askari wa Khedive Ismail wamo. Majina yamepangwa kwa vikosi, kwa hiyo tafuta Mizinga ya Afrika Mashariki kwanza.

Kabla ya kusafiri, angalia daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambalo liko wazi kwenye intaneti. Usianze na jina. Karani wa jeshi aliandika alichokisikia, na mtu wa Ukambani aliweza kuandikwa kwa herufi ambazo ukoo wake hautazitambua, au kwa jina moja tu, au jina la baba likawekwa mbele. Anza na tarehe, 12 Februari 1944, na kikosi, kisha soma majina yote taratibu, kwa sauti, mpaka sikio likutane na linalofanana. Kama nyumbani imebaki karatasi yoyote ya bibi, stakabadhi ya posho au barua ya serikali, itazame kama ina namba ya askari, kwa kuwa namba haikosewi kirahisi kama jina. Ukilipata, andika namba ya safu inayoonyeshwa kwenye daftari, na wahudumu wa makaburini watakuelekeza.

Mimi nilikwenda pale baada ya kupata barua yako. Ni mahali safi na patulivu, mtu haharakishwi. Kama mama yako bado yupo na ana nguvu ya safari, nenda naye.